Tupime umeme wa maji moto kabla ya kutafuta mchawi

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Huenda walikuwa wakiwausia wafanyabiashara, lakini leo maneno hayo yangefaa kubandikwa ukutani katika kila nyumba yenye mita ya tokeni. Mtu hununua umeme wa shilingi elfu moja siku ya Jumatatu, na juma halijapinduka mita imeanza kulia. Hapo ndipo lawama huzuka. Baba humshuku mama, mama huwashuku watoto, na wote kwa pamoja humshuku msichana wa kazi kwamba kutwa nzima hupiga pasi na kutazama televisheni.

Nasema kwamba katika nyumba nyingi za watu wa kipato cha wastani, mlaji mkubwa wa umeme hana mdomo wa kujitetea wala hakuna anayemshtaki. Ni tangi la maji moto lililofichwa juu ya dari. Swichi yake huwashwa siku familia inapohamia, na taa yake nyekundu haizimwi tena ila umeme unapopotea mtaa mzima.

Jirani yangu mmoja hapa Nairobi alikuwa amekata shauri kumpunguzia mfanyakazi wake wa nyumbani mshahara ili kufidia tokeni. Nilimsihi asifanye hivyo kabla ya kupima. Mita ya tokeni huonyesha uniti zilizobaki, na mtu yeyote ajuaye kutoa na kujumlisha anaweza kuitumia kama mizani. Usiku wa kwanza, saa tatu, alizima swichi ya tangi, akaandika uniti zilizosalia, na saa kumi na moja alfajiri akaandika tena. Usiku wa pili alifanya vivyo hivyo, ila safari hii maji yalikuwa yamekwisha kupata moto na swichi ikaachwa imewashwa. Katika siku zote mbili jokofu liliendelea kufanya kazi kama kawaida, na hakuna aliyefungua bomba.

Tofauti ya usiku huo wa pili ilikuwa uniti 0.6. Kwa saa nane, bila ya mtu hata mmoja kunawa uso, tangi lilikuwa limekula zaidi ya nusu uniti. Kwa mwendo huo, siku nzima ni uniti 1.8, na mwezi mzima ni 54. Pasi ya wati 1,200 haiwezi kumaliza hata uniti moja na robo kwa saa nzima, na katika nyumba ile nguo zilipigwa pasi mara mbili kwa juma. Yule msichana hakuwa na hatia. Lau pasingepimwa, angalipoteza sehemu ya mshahara wake kwa kosa la tangi na la bomba la jikoni lililokuwa likivuja maji moto tone baada ya tone.

Hesabu yenyewe si ya ajabu. Kupandisha joto la lita moja ya maji kwa digrii moja ya Selsiasi huhitaji kilojuli 4.2 hivi, na uniti moja ya umeme ni kilojuli 3,600. Kwa hivyo, kupasha lita 50 kutoka digrii 18 hadi 60 huchukua karibu uniti mbili na nusu. Hita ya kilowati moja na nusu huifanya kazi hiyo kwa muda wa saa moja na dakika 40. Baada ya hapo, kila joto linapotoroka kupitia kuta za tangi na mabomba, hita hujiwasha tena kulirudisha. Kumwachia tangi usiku na mchana ni sawa na kumpa punda shehena moja kisha kumlisha kana kwamba amebeba kumi.

Jirani yangu alibadilisha mpira wa bomba, akayavika mabomba ya maji moto, na akamwita fundi wa umeme mwenye leseni amfungie swichi ya saa. Tangi sasa hupata umeme kuanzia saa tisa na nusu usiku hadi saa kumi na moja na robo alfajiri, na tena saa tisa alasiri hadi saa kumi jioni. Matumizi ya nyumba nzima, ambayo yalikuwa uniti 128 kwa mwezi, yalishuka hadi 97. Hakuna aliyeoga maji baridi.

Hapa natoa tahadhari mbili. Kwanza, hita ya kilowati tatu huvuta ampea 12 na zaidi, nayo si mzigo wa kuunganishwa na kila swichi ya saa inayouzwa barabarani. Kifaa kisichostahimili mzigo huo huweza kuunguza nyumba. Pili, asidanganyike mtu kwamba njia nzuri ya kubana matumizi ni kushusha joto la tangi hadi digrii 40. Maji yaliyotuama katika uvuguvugu ni makao ya bakteria waletao ugonjwa wa mapafu, na ndiyo sababu wataalamu wa afya hushauri maji yafikishwe digrii 60. Tupunguze saa za kuwasha, tusipunguze joto la maji. Wenye hita ndogo za kufungwa penye mnyunyizo wa bafuni hawana tangi la kuchunga. Kwao dawa ni kupunguza dakika za kuoga, kwani hita ya kilowati tano humaliza nusu uniti kila dakika sita.

Anayepima na ahesabu uniti, si shilingi. Bei ya uniti hubadilika kila mwezi kwa sababu ya gharama ya mafuta, thamani ya fedha za kigeni na tozo nyingine, hata shilingi elfu moja ya mwezi huu isilingane na ile ya mwezi uliopita. Tena, katika bei zilizoanza Aprili 2023, watumiaji wa nyumbani waligawanywa madaraja matatu: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, wasiozidi 100, na waliozidi hapo. Kwa mtu aliye karibu na mpaka, tangi peke yake laweza kumsukuma hadi kwenye daraja la bei ya juu.

Lakini jambo hili halikomei mlangoni mwa nyumba. Matumizi ya umeme nchini hufikia kilele jioni, watu wanaporudi makwao, wakawasha taa, wakapika na wakaoga. Mwaka 2025 kilele hicho kilipita megawati 2,300. Ili kukifikia, mitambo ya kuchoma mafuta huwashwa, na gharama ya mafuta hayo hugawiwa wateja wote, akiwemo mama wa Kayole mwenye balbu mbili na redio. Usiku wa manane mambo hugeuka. Matumizi huanguka, na imewahi kutokea mara nyingi kwamba mvuke wa ardhini kule Olkaria, ulioweza kuzungusha mitambo, huachwa upotelee hewani kwa kukosa mnunuzi. Tunachoma mafuta saa mbili usiku, kisha saa nane tunaumwaga mvuke wetu wenyewe.

Tangi la maji moto ni ghala. Joto linalowekwa humo saa kumi usiku halijaisha makali saa kumi na mbili asubuhi. Jambo hili halikuwa geni kwa wenye kupanga bei za umeme hapa nchini. Katika bei za mwaka 2008 na za 2013 lilikuwamo daraja la pekee la kupasha maji majumbani, ambapo umeme wa hita ulipimwa peke yake, na ungeweza kukatwa saa za msongamano. Katika bei za 2018 na zile za 2023 daraja hilo halimo. Ufaransa na Afrika Kusini ni miongoni mwa nchi ambako matangi ya majumbani yamezimwa na kuwashwa kwa ishara zitumwazo kupitia nyaya za umeme.

Wakati huohuo, tangu Desemba 2017 viwanda na biashara kubwa vimepewa nafuu kwa umeme wa ziada wanaoutumia usiku, na mwaka 2023 magari ya umeme yakawekewa bei yao, iliyo nafuu zaidi usiku. Sina kinyongo na viwanda wala magari. Swali langu ni hili: ikiwa mwenye kiwanda akihamisha kazi yake usiku hulipwa fadhila, mbona mwenye nyumba akihamisha maji yake asipate hata asante? Jirani yangu huokoa kwa kuzuia joto lisipotee. Lakini kwa ule wema wa kuikimbia saa ya kilele hapati kitu, kwani uniti ya saa kumi usiku humgharimu sawa na ile ya saa mbili.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wenye nacho, kwa kuwa Wakenya wengi huchemsha maji kwa kuni, makaa au gesi. Ni kweli kwamba wengi hawana matangi. Lakini gharama ya mafuta ya jioni wanailipa wasio na matangi pia. Kila tangi litakaloondolewa katika saa ya kilele litampunguzia mzigo mnyonge kabla ya kumpunguzia tajiri. Wengine watasema tutumie jua. Naam, na kanuni za mwaka 2012 zililenga huko zilipoyataka majengo yanayohitaji zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yawekewe mitambo ya jua. Hata hivyo, mpangaji hana mamlaka juu ya paa la mwenye nyumba, na mwezi Julai jua la Limuru si la kutegemewa.

Kwa hivyo nina maombi mawili. Kwa mamlaka inayosimamia kawi: bei zitakapopitiwa tena, daraja la maji moto la usiku lirudishwe, pamoja na mita zinazojua kutofautisha saa. Kwa wenye nyumba: kabla ya kumkata mtu mshahara au kumgombeza mtoto, chukueni kalamu na karatasi mwende kwenye mita usiku wa leo, na tena alfajiri. Nambari haina upendeleo, wala haimwonei asiye na mtetezi.