Kompyuta Ndogo Inapotaja Kumbukumbu Pungufu

Mwalimu akabidhiwapo kompyuta ndogo ya kufundishia, hana budi kuhakiki kwamba kilichomo kinalingana na kilichoandikwa kwenye boksi. Tuseme boksi linataja kumbukumbu ya megabaiti 512, lakini kompyuta yenyewe inaonyesha 186. Hapo ni rahisi kumshuku muuzaji, au mwanafunzi aliyeitumia mara ya mwisho. Yafaa kwanza kukumbuka kwamba tarakimu ile ni taarifa ya programu, na programu yaweza kukosea.

Tuchukue mfano wa Raspberry Pi, kompyuta ya bodi moja iliyobuniwa Uingereza ili kuwahimiza vijana kujifunza kuandika programu. Ilianza kuuzwa Februari 2012, na aina iitwayo Model B ilikuwa na megabaiti 256. Oktoba ya mwaka huohuo kumbukumbu iliongezwa hadi 512, lakini jina halikubadilishwa. Uchunguzi wake wafaa ufuate hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni hesabu. Kumbukumbu ya kompyuta hii hugawanywa sehemu mbili: moja ya kuendeshea programu, nyingine ya kushughulikia picha. Sehemu ya picha kwa kawaida hupewa megabaiti 64. Basi 512 kutoa 64 ni 448, na mfumo wa Linux nao hujitengea kidogo. Amri ya free -m ikionyesha jumla iliyo chini kidogo ya 448, hapana hitilafu. Lakini 186 iko karibu na 192, na 192 kujumlisha 64 ni 256. Kompyuta inajihesabia nusu tu.

Hatua ya pili ni kuitambua bodi. Amri ya cat /proc/cpuinfo huonyesha mstari wa Revision. Kwa Model B, alama 0002 hadi 0006 ni za bodi zenye megabaiti 256. Alama 000d, 000e na 000f ni za bodi zenye 512. Tena, kipande cha kumbukumbu kimelehemiwa juu ya kichakato. Hakichomolewi kwa mkono, wala hakuna awezaye kuondoa nusu yake.

Hatua ya tatu ni kuichunguza kadi. Kompyuta hii huwaka kwa kusoma mafaili yaliyomo katika kadi. Kadi iliyotayarishwa kabla ya Oktoba 2012 yaweza kuwa na mafaili yasiyoitambua bodi mpya. Faili la start.elf na la fixup.dat ni jozi: la pili likikosekana, au likiwa la toleo tofauti, mgawanyo wa kumbukumbu huharibika. Mwisho, katika faili la config.txt utazame mstari wa gpu_mem, maana yawezekana mtu aliipa sehemu ya picha zaidi ya haja.

Dawa ni kuhifadhi kwanza kazi za wanafunzi mahali pengine, kisha kuiandaa kadi upya kwa mfumo wa toleo la karibuni. Ubadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja, upime tena, na uandike matokeo daftarini. Ukibadilisha mambo matatu pamoja, hutajua lipi limeponya.

Darasani, mwalimu asiharakishe kutoa jibu. Kila kundi liandike dhana yake kuhusu chanzo cha kasoro, na chini yake liandike kipimo kitakachoonyesha kama dhana hiyo ni kweli au si kweli. Kundi lisemalo "kumbukumbu imeibwa" lipewe nafasi sawa na mengine, kisha liisome alama ya bodi. Hivyo dhana itaanguka kwa ushahidi, na mwanafunzi aliyeshukiwa hatahitaji mtu wa kumtetea.