Tulilipia bahari, tukapewa mashua

Mke wangu ndiye aliyevuta pazia. Tulikuwa Barcelona, saa kumi na moja jioni, mizigo ingali mlangoni na meli haijafungua kamba. Miaka miwili tulikuwa tukiweka akiba kwa safari hii ya kuadhimisha miaka 25 ya ndoa yetu, na katika yote tuliyolipia, roshani ndiyo aliyoitamani kuliko kitu kingine. Yeye ni mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa. Amekulia nyumba yenye roshani ya mbao, na anajua roshani ni ya nini: ni pahali pa kukaa jioni upepo ukikupiga, ukaona dunia inavyopita bila wewe kushuka ngazi. Pazia lilipofunguka, mbele yetu palisimama ubavu wa mashua ya kuokolea watu, rangi ya chungwa, umejaa kioo kizima pembe hadi pembe.

Akaniuliza taratibu, "Baba watoto, bahari yenyewe iko wapi?"

Jibu lilikuwamo kwenye karatasi zangu mwenyewe. Nilikuwa nimechukua tikiti ya bei ya chini, ile ambayo msafiri hulipia aina ya chumba tu na kampuni ikamchagulia namba yake siku zikikaribia. Mimi nilisoma neno "roshani" nikaridhika. Kwa herufi ndogo paliandikwa kwamba mandhari huenda yakawa na kizuizi. Hakuna aliyenidanganya, lakini pia hakuna aliyenieleza, na wakala aliyepokea fedha zangu alijua fika kizuizi hicho ni kitu gani. Usiku ule nilikaa na ramani ya meli hadi saa saba. Tangu hapo sijaacha kuzisoma ramani hizo, na kila ninapoulizwa na jamaa anayejiandaa kwa fungate au kustaafu, jambo ninalomwambia ni moja: usinunue jina la chumba, nunua pahali kilipo.

Majina yenyewe ni manne. Kuna chumba cha ndani kisicho na dirisha, kuna chenye dirisha lisilofunguka, kuna chenye roshani, na juu ya vyote kuna switi, yaani chumba chenye sebule yake na huduma zake za pekee. Bei hupanda kwa mpangilio huohuo, nayo hutajwa kwa mtu mmoja kwa hesabu kwamba mtalala wawili. Anayesafiri peke yake mara nyingi hujikuta akilipa karibu bei ya watu wawili.

Zamani roshani ya meli ilikuwa ya watu wa kuhesabika. Titanic ya mwaka 1912, pamoja na ukubwa wake wote, ilikuwa na switi mbili tu zenye baraza ya faragha, na moja kati ya hizo alilala J. Bruce Ismay, mkuu wa kampuni iliyomiliki meli hiyo. Mwaka 1935 Ufaransa ikatoa Normandie, nayo pia ikaweka baraza za faragha kwa switi zake mbili za juu kabisa, zilizoitwa Deauville na Trouville. Mabadiliko yalikuja mwaka 1984 na Royal Princess, meli ambayo vyumba vyake vyote vilitazama nje na vingi vikapewa roshani. Wajenzi wakaanza kuteremsha mashua za kuokolea chini na kupandisha vyumba juu yake, orofa juu ya orofa. Ndiyo maana meli za siku hizi zikitia Kilindini, ubavu wake huonekana kama sega la nyuki.

Hapo ndipo penye siri ya ile mashua yetu. Vyumba vilivyo juu kabisa ya mashua huona bahari. Vilivyo sawa nazo huona mashua. Vile vya sitaha moja juu yake huona bahari kwa mbali, lakini ukiinama ukitaka kuona maji chini yako, unaona mapaa ya mashua yamejipanga. Katika ramani nzuri mashua huchorwa, na chumba chenye kizuizi huwekewa alama. Ramani isiyo na alama hiyo, tafuta nyingine.

Na si kila roshani hutazama bahari. Oasis of the Seas, iliyoanza safari mwaka 2009, ilipasuliwa katikati ikawekwa bustani yenye miti hai, na vyumba vya pande mbili vikapewa roshani zinazoitazama bustani hiyo. Apendaye kutazama watu wakipita atafurahi. Aliyekuja kwa ajili ya bahari atahuzunika siku saba. Celebrity Edge ya mwaka 2018 ilikuja na mtindo mwingine: roshani imeingizwa chumbani, na ukibonyeza kitufe nusu ya juu ya kioo hushuka, upepo ukaingia. Chumba hupata nafasi zaidi, lakini ile hatua ya kufungua mlango na kutoka nje haipo tena. Kwangu hiyo ni dirisha kubwa, na ningelilipia kama dirisha.

Sasa pahali. Aliyewahi kupanda mashua kwenda Pate wakati wa kusi anajua kwamba omo hupanda na kushuka, na anayelevywa na bahari huambiwa akae katikati. Meli ya tani laki mbili haijaachana na kanuni hiyo. Katikati, sitaha za chini, ndipo penye utulivu. Omoni na juu kabisa ndiko mawimbi yanakohisiwa zaidi. Ajabu ni kwamba switi nyingi zimepangwa juu huko huko. Watu hulipa zaidi, kisha hulala wakiwa wameshikilia kitanda.

Halafu kelele. Mimi nilidhani kelele baharini ni ya injini, kumbe ni ya viti. Chumba kilicho chini ya sitaha ya bwawa la kuogelea husikia viti vikiburutwa alfajiri, wahudumu wakiosha na kupanga. Kilicho chini ya jiko husikia matoroli. Kilicho juu ya ukumbi wa muziki husikia ngoma hadi usiku wa manane. Walio omoni huamshwa na mnyororo wa nanga katika bandari ambazo meli haifungi gatini, na walio tezini huhisi mtetemo meli inapojisogeza kufunga, ingawa roshani za tezi huwa pana na hukuonyesha ule mkia mweupe wa maji unaoachwa nyuma, jambo ambalo wengi huona linafidia mtetemo wote. Chumba salama ni kile chenye vyumba vingine juu yake na vingine chini yake. Watu wanaolala hawaburuti viti.

Upande nao una hesabu yake, na hapa ushauri huzeeka upesi. Kwa miaka mingi wasafiri waliokwenda Venice waliambiana wachukue upande wa kulia, kwa sababu meli ikiingia kupitia mfereji wa Giudecca, uwanja wa San Marco hupita kuumeni. Tangu tarehe 1 Agosti 2021 Italia imezizuia meli zenye ukubwa wa zaidi ya tani 25,000 kupita hapo, na bado nakutana na watu wanaolipia zaidi upande wa kulia. Kwetu pwani hesabu ni nyepesi: meli ikitoka Mombasa kuelekea Unguja, bara iko kulia na bahari kuu iko kushoto. Jua la asubuhi litakuwa kushoto, la alasiri kulia, na alasiri za miezi ya kaskazi unazijua. Abiria wa zamani wa zile meli za kampuni ya British India zilizoitwa Kenya na Uganda, zilizoleta watu kutoka London hadi huku kupitia Suez, hawakuhitaji kuelezwa uzito wa kivuli katika Bahari ya Sham.

Yapo mambo mawili ambayo vitabu vya matangazo havitayasema, nayo yanahusu roshani moja kwa moja. Alfajiri ya tarehe 23 Machi 2006, Star Princess ikiwa njiani kutoka visiwa vya Cayman kwenda Jamaika, moto ulizuka kwenye roshani. Wachunguzi waliona kwamba chanzo kinachoelekea zaidi ni kipande cha sigara. Vigawanyio vya plastiki kati ya roshani na roshani vilishika moto, ukapanda orofa hadi orofa, na vyumba zaidi ya mia moja vikaharibika. Abiria mmoja alifariki. Sheria za kimataifa za usalama wa meli zilibadilishwa mwaka huohuo kuhusu vifaa vinavyoruhusiwa kwenye roshani na namna ya kuzilinda dhidi ya moto. Kwa hiyo mhudumu akikukataza kuvuta sigara hapo, au kuanika nguo na kuacha mlango wazi, msikilize. Na mwenye watoto wadogo asiweke kiti karibu na ukingo hata kwa dakika moja.

Jambo la pili ni la Februari 2020. Diamond Princess ilizuiwa Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711, na abiria wakaamriwa kubaki vyumbani kwa sababu ya korona. Waliokuwa na roshani walitoka nje wakavuta hewa. Waliokuwa vyumba vya ndani walikaa bila mwanga wa jua, wakitolewa kwa zamu kutembea kidogo sitahani. Mwisho wake watu 712 walithibitishwa kuambukizwa. Nilipokuwa nikiandika makala hii, hiyo ndiyo hoja iliyonirudia mara kwa mara kila nilipotaka kusema kwamba chumba ni cha kulalia tu. Mara nyingi ni cha kulalia tu. Siku zile hakikuwa.

Switi je? Usilipie ukubwa wa kitanda. Lipia kile kilicho nje ya chumba. Katika Queen Mary 2, inayovuka Atlantiki kati ya Southampton na New York kwa usiku saba, wa vyumba vya juu hula katika migahawa yao ya Queens Grill na Princess Grill. Kampuni ya MSC ilianza mwaka 2008, na meli ya Fantasia, kutenga eneo zima lenye sebule, bwawa na wahudumu wake kwa wenye switi. Safari ya kuvuka bahari kuu, siku baada ya siku bila bandari, mtu ataitumia fedha hiyo. Lakini safari ya Mediterania inayotia bandari mpya kila asubuhi, ambapo unashuka saa mbili na kurudi jioni umechoka, utakuwa umelipia sebule ya kuwekea viatu.

Fanya hesabu mwenyewe. Tuseme roshani inazidi dirisha kwa dola 60 kwa mtu kwa usiku. Kwa watu wawili, usiku saba, hiyo ni dola 840. Jiulize utakaa hapo saa ngapi kwa siku, na kama kutakuwa na cha kutazama. Meli ikienda mwendo wa noti 20, hata siku isiyo na upepo, sitahani kuna upepo wa kilomita 37 kwa saa. Kwenye Atlantiki ya baridi mlango huo utafunguliwa mara moja, upigwe picha, ufungwe.

Sisi tulirudi baharini baada ya miaka mitatu, Norway, mwezi wa Juni. Switi tuliiacha. Tulichukua roshani ya kawaida katikati ya meli, yenye vyumba juu na vyumba chini, sitaha tatu juu ya mashua. Ule mkono wa bahari wa Geiranger hauna njia ya kutokea upande wa pili, meli huingia na kutoka palepale, kwa hiyo walio kulia na walio kushoto wote hupata zamu. Mke wangu alijifunga leso juu ya sweta akakaa nje tangu alfajiri, maporomoko ya maji yakipita mbele yake. Chai nilimpelekea huko huko.

Namba ya chumba kile niliitafuta kwenye ramani kabla sijatoa hata senti moja. Nawe tafuta yako kabla hujalipa.