Safari ya Siku Moja Ufukweni Kasanga: Mambo ya Kupanga Kabla ya Kuondoka Milepa

Mavuno ya mpunga na mahindi yanapokamilika katika Bonde la Ziwa Rukwa, familia, kwaya, shule na vikundi vya akina mama huanza kujadiliana mahali pa kwenda kupumzika kwa siku moja. Wakazi wa pwani wana Coco Beach jijini Dar es Salaam na Bustani ya Forodhani huko Unguja, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati, ambako watu hutembea kando ya maji jioni na kununua vyakula vya kuchoma. Kwa mkazi wa Kata ya Milepa, Wilaya ya Sumbawanga, bahari iko mbali, lakini Mkoa wa Rukwa unapakana na maziwa makubwa mawili. Safari ya kwenda huko inawezekana, mradi ipangwe kwa kuzingatia barabara, upepo, maji na usalama wa watoto.

Kuchagua ziwa

Ziwa lililo karibu zaidi na Milepa ni Ziwa Rukwa. Ziwa hilo lina kina kifupi, halina mto unaotoka, na maji yake hupanda au kushuka kulingana na mvua, hivyo ukingo wake hubadilika na mara nyingi huwa na matope. Lina pia mamba na viboko wengi. Aidha, sehemu ya eneo la ziwa hilo imo ndani ya Pori la Akiba Uwanda, ambako kuingia bila kibali ni kosa kisheria. Kwa sababu hizo, Ziwa Rukwa linafaa kutazamwa kwa mbali na kwa mwongozo wa wenyeji. Si mahali pa kupeleka watoto kuogelea.

Chaguo la pili ni Ziwa Tanganyika, lenye kina cha takriban mita 1,470, ambalo ni la pili duniani kwa kina baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Kwa anayepitia Sumbawanga mjini, Kasanga, iliyopo Wilaya ya Kalambo, hufikika kwa barabara ya lami inayopita Matai. Mji huo ulijulikana kama Bismarckburg wakati wa utawala wa Wajerumani, na mabaki ya boma lao bado yapo. Kwa miaka mingi bandari yake ilihudumiwa na MV Liemba, meli iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Mgeni hapaswi kuchanganya bandari na ufukwe: bandari ni eneo la kazi, lenye magari ya mizigo na vyombo vinavyotia nanga, na haifai kwa michezo ya watoto.

Hesabu ya muda

Uwanda wa juu wa Ufipa umesimama kati ya maziwa hayo mawili. Msafiri kutoka Milepa hupanda ukingo wa bonde hadi Sumbawanga, mji ulio takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kisha hushuka zaidi ya mita 1,000 hadi Ziwa Tanganyika. Safari ya kurudi nayo ina kupanda na kushuka kulekule. Breki, matairi na mfumo wa kupoza injini ya gari vikaguliwe kabla ya siku ya safari, kwa kuwa gari lililojaa abiria hupata shida zaidi kwenye miteremko.

Kutoka Sumbawanga hadi Bandari ya Kasanga ni takriban kilomita 107. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 50 kwa saa, ambao ni wa busara katika njia yenye kona na vijiji, safari huchukua saa 2 na dakika chache. Kikundi kinachoondoka Sumbawanga saa 12:30 asubuhi hufika kabla ya saa 3:00. Kikiondoka Kasanga saa 8:30 mchana, hufika Sumbawanga kabla ya saa 11:00 jioni, hivyo hupata muda wa zaidi ya saa 5 ufukweni.

Hesabu hiyo haijumuishi njia ya Milepa. Kwa familia zenye watoto wadogo au wazee, ni vyema kulala Sumbawanga usiku wa kuamkia safari na, ikibidi, usiku wa kurudi. Kushuka ukingo wa bonde gizani dereva akiwa amechoka ni hatari inayoepukika kwa gharama ya malazi ya usiku mmoja.

Kwa sababu hiyohiyo, si busara kuunganisha Kasanga na Maporomoko ya Kalambo katika siku moja. Maporomoko hayo, yenye urefu unaozidi mita 200, yako mpakani mwa Tanzania na Zambia na yanastahili siku yake.

Msimu na upepo

Mvua za Rukwa hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Katika miezi hiyo barabara za udongo za bondeni huteleza na makorongo hujaa maji, hivyo wengi huchagua kusafiri kati ya Juni na Agosti. Hata hivyo, katika kipindi hichohicho cha kiangazi upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu na kuinua mawimbi kusini mwa Ziwa Tanganyika. Barabara inapokuwa nzuri, ziwa linaweza kuwa baya.

Kiongozi wa msafara anashauriwa kufuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) siku moja kabla, na kuwasikiliza manahodha wa eneo husika. Wavuvi wanaporudisha mitumbwi nchi kavu, wageni nao wabaki nchi kavu.

Usalama majini

Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) ndilo lenye jukumu la kusimamia usalama wa vyombo vya majini. Kabla ya kupanda boti, abiria ana haki ya kuuliza kama chombo kina leseni, kinabeba watu wangapi na kama kila mtu atapata jaketi okozi. Kikundi cha watu 30 kikipata boti yenye jaketi okozi 10, kisikubali kubanana. Kiende kwa awamu 3, au kibaki ufukweni.

Wanaotaka kuoga wawaulize wenyeji sehemu isiyo na mamba, wakae mbali na mimea ya majini ambako konokono wa kichocho hupenda kuishi, na kila kundi la watoto liwe na mtu mzima asiye na kazi nyingine isipokuwa kuwaangalia. Kwa dharura, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114 na ya Polisi ni 112.

Chakula, vitambulisho na usafi

Migebuka, kuhe na dagaa ni sehemu ya furaha ya safari hii, lakini havipatikani kwa wingi wakati wote. Mwaka 2024, kwa mfano, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisitishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Ni vyema kubeba chakula cha akiba na maji yaliyochemshwa, kwa kuwa kipindupindu kimewahi kuleta madhara katika Bonde la Ziwa Rukwa.

Kasanga iko karibu na mpaka wa Zambia, hivyo watu wazima wabebe Kitambulisho cha Taifa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Vyombo na vyakula vibebwe kwenye mifuko mbadala au vikapu, na taka zirudi na wenyewe.

Mwisho, kiongozi aandike majina ya wote wanaosafiri na kuacha nakala kwa mtendaji wa kijiji au kwa ndugu aliyebaki. Orodha hiyo isomwe mara tatu: wakati wa kuondoka, kabla ya kuingia kwenye boti na kabla ya gari kuondoka ufukweni kurudi nyumbani.