Mfarishi wa Rangi za Taifa kwa Ajili ya Askari Wastaafu

Na Katibu wa Klabu ya Ushoni, Kidato cha Tatu

Tangu siku ya wazazi watu wengi wamenisimamisha njiani na kuniuliza ule mfarishi uliotundikwa ukumbini ulishonwaje, na yale majina yaliyotariziwa juu yake ni ya nani. Mhariri naye ameniomba nieleze kwa maandishi, ili atakayetaka kushona mwingine asirudie makosa yetu. Naandika kama katibu wa klabu. Mimi ni mvulana, naam, na walionicheka mwezi wa Machi ndio hao hao waliokuja kuazima sindano mwezi wa Mei.

Kwanza jambo lenyewe. Mfarishi si shuka wala si blanketi. Ni nguo ya tabaka tatu: juu vipande vya kitambaa vilivyoungwa, katikati kitu kizito cha kutia joto, na chini bitana. Tabaka hizo hupigwa mishono ya kupita huku na huku hata zishikamane ziwe nguo moja.

Desturi ya kushona mifarishi kwa ajili ya askari imeenea sana Marekani. Mwaka 2003 Bibi Catherine Roberts wa jimbo la Delaware, ambaye mwanawe alikuwa vitani Iraki, alianzisha chama cha Quilts of Valor, na hata leo wanachama wake huwashonea na kuwapa mifarishi watu walioguswa na vita. Walakini shauri tulilolifuata sisi ni la zamani zaidi. Desemba 1917 gazeti la akina mama liitwalo The Modern Priscilla lilieleza namna ya kushona mfarishi wa kuchangia Msalaba Mwekundu. Mtu alitoa fedha kidogo, jina lake likatariziwa. Mfarishi ulipokwisha, ukauzwa. Hivyo nguo moja yaleta fedha mara mbili. Mwalimu wetu wa ushoni alipotusomea habari hii tuliona inatufaa, maana tulikuwa tumekwisha kuazimia kuwachangia wazee wa chama cha askari wastaafu wa wilaya yetu, na mfuko wa klabu ulikuwa mtupu.

Rangi hatukuwa na haja ya kuzitafuta. Tangu 30 Juni 1964 bendera yetu ina kijani cha mimea na ardhi, njano ya madini, nyeusi ya watu na buluu ya maji. Mwenzetu mmoja alitaka tununue bendera tuikate vipande. Mwalimu alikataa kata kata. Bendera ni alama ya taifa inayolindwa na sheria. Haikatwi, wala haifanywi ya kujifunika. Sisi tulichukua rangi zake tu, nami naona ndivyo ipasavyo.

Hesabu yake ni hii. Tulikata miraba 48, kila mmoja inchi 10 kwa 10. Mshono wala nusu inchi kila upande, basi mraba ulioshonwa wabaki inchi 9. Tuliipanga sita kwa upana na minane kwa urefu, tukapata mfarishi wa inchi 54 kwa 72, wa kumtosha mtu mzima. Kila rangi yahitaji miraba 12, na mita moja ya kitambaa chenye upana wa inchi 45 yatosha. Mstari wa kwanza ulianza na kijani, kisha njano, nyeusi, buluu, kijani na njano. Mstari wa pili ukaanza na njano, wa tatu na nyeusi, wa nne na buluu, kisha mzunguko ukarudi. Ukisimama mbali waona mikanda ya rangi ikipanda kutoka chini kushoto kwenda juu kulia, kama upandavyo ule mkanda mweusi wa bendera.

Majina tuliyaweka kwenye miraba ya njano, manne kila mraba, yaani 48 kwa jumla, na kila jina shilingi 2,000. Katika wiki mbili tuliandikisha majina 31, ya wanafunzi, walimu na wenye maduka.

Hapo ndipo alipokuja mzee mmoja jirani wa shule, aliyepigana Vita ya Kagera. Baada ya kumwamkia tulimkaribisha kiti, akatoa noti mbili za elfu moja zilizokunjwa, akasema, "Wajukuu zangu, si jina langu. Mimi nipo, mnaniona. Andikeni la mwenzangu." Mwenzake huyo alivuka naye mto Kagera, katika vita iliyoanza Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia nchini mwetu. Yeye mwenyewe aliona Kampala ikitwaliwa Aprili 1979. Mwenzake hakufika, amezikwa Kaboya, mkoani Kagera, penye makaburi ya mashujaa wa vita ile.

Kanuni tuliyoiandika wenyewe ilisema jina ni la mtoaji. Tulibishana jioni nzima. Mweka hazina alisema, na alikuwa na haki yake, kwamba mwenye duka hununua aonekane. Tukijaza majina ya watu wasiojulikana, siku ya mnada hakuna atakayeuangalia mfarishi mara mbili. Mimi nilikuwa upande wake, sifichi. Lakini msichana mmoja wa Kidato cha Pili aliuliza: mfarishi wa askari usio na jina la askari hata mmoja ni wa nani? Hakuna aliyemjibu. Tukakata shauri kwamba majina 17 yaliyobaki yawe ya watu waliokwenda vitani, na mtoaji asiandikwe popote ila kwenye daftari.

Habari ikaenea. Yakaja majina ya waliopigana Burma mwaka 1944 katika King's African Rifles. Kisha mwanafunzi mmoja akaleta jina la baba wa babu yake, ambaye hakushika bunduki kamwe. Alikuwa mpagazi. Katika vita ya 1914–1918 Wajerumani na Waingereza walipigana katika nchi hii, na chakula na risasi zao zilibebwa vichwani na watu wetu, wengi wao wakichukuliwa kwa nguvu. Makumi ya maelfu walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Mnara wa Askari uliosimamishwa mjini humo mwaka 1927 una sanamu ya askari peke yake. Ule wa Nairobi una watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Jamaa wa mwanafunzi huyu wajua jina tu la mzee wao, na ya kuwa alichukuliwa na hakurudi.

Je, mpagazi ni askari? Tulikwenda kumwuliza yule mzee wa Kagera. Alitutazama kana kwamba tumemwuliza kama maji ni maji, akasema, "Nani alileta chakula?" Jina likaandikwa.

Sasa niseme juu ya kosa, maana ni langu. Vitambaa vyapaswa kufuliwa, kuanikwa na kupigwa pasi kabla ya mkasi kuvigusa. Nyeusi yetu ilikuwa kaniki, na kila mama ajua kaniki mpya hutoa rangi. Mimi nilisema kufua ni kupoteza siku. Majina yalipokwisha kutariziwa na mistari yote kuungwa, tulinyunyizia maji tupige pasi, na weusi ukaingia katika miraba miwili ya njano. Majina manane, na la mpagazi lilikuwamo. Sabuni haikusaidia. Ilitubidi kufumua mistari, kuitoa miraba yote ya kaniki na kuifua peke yake mpaka maji yakatoka meupe, kununua njano nyingine na kutarizi upya. Tena kaniki ikaruka! Ule mraba wa inchi 10 ukawa pungufu karibu robo inchi, tukalazimika kuushona kwa mshono mwembamba zaidi. Ukichungulia kwa karibu utaona pembe zisizokutana sawasawa. Wiki nzima ilipotea.

Kazi iliyobaki ni nyepesi ukiwa na subira. Mishono ya mstari mmoja ilaze kulia, ya mstari ufuatao kushoto, zisirundikane mahali pamoja zikavunja sindano ya cherehani. Kwa bitana tulitumia doti moja ya khanga, vipande viwili vikiungwa kwa upande wao mrefu. Yapita kidogo kipimo kinachotakiwa. (Mwalimu alisoma jina la kila khanga dukani kabla ya kuchagua, kwa kuwa mengine hayafai kupelekewa wazee.) Katikati tulitia blanketi kuukuu lililofuliwa. Tandaza zote sakafuni, upige bandi ukianzia katikati kwenda nje. Ukianzia ukingoni, makunyanzi yatakusanyika katikati na hutaweza kuyatoa. Kisha shona kwa mkono kufuata mistari ya miraba, ufumue bandi, na mwisho uzungushe pindo.

Gharama zote zilikuwa shilingi 43,500, pamoja na njano ya kosa langu. Majina yalileta 96,000. Siku ya wazazi mfarishi uliuzwa kwa mnada shilingi 230,000, ukachukuliwa na mzazi mmoja baada ya kushindana na mwenye duka ambaye jina lake limo. Tuliwakabidhi wazee shilingi 282,500, nao walisema zitawalipia nauli na dawa wale wasioweza kufika hospitali. Yule mzee wa Kagera aliomba aonyeshwe mraba wa mwenzake kabla mfarishi haujakunjwa. Akaligusa jina kwa kidole, herufi moja moja, akatuambia tumekosea: mwenzake aliandika jina lake kwa herufi mbili za s. Mzazi aliyenunua aliuacha mfarishi kwetu siku mbili zaidi, tukaongeza s.

Vipande vya kijani na buluu vilivyosalia vimo kabatini katika chumba cha ushoni. Hivyo vimekwisha kufuliwa. Kaniki iliyomo bado.