Kikoba Hakiendeshwi kwa Imani

Mwisho wa mwaka ni msimu wa kuvunja vikoba, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Wanachama hugawana akiba na faida. Mmoja ananunua bati, mwingine analipa ada. Ndio msimu pia ambao simu ya mhasibu wa kikundi fulani huacha kupatikana.

Wengi husema kikoba kinaendeshwa kwa kuaminiana. Sikubaliani nao. Mfumo huu uliosambaa kutoka Niger, ambako shirika la CARE liliuanzisha mwaka 1991, unamchukulia kila mtu kuwa anaweza kushawishika. Sanduku lina kufuli tatu, funguo wanazo wanachama watatu, na anayekaa na sanduku nyumbani hana hata mmoja. Fedha huhesabiwa na watu wawili, wote wakitazama. Hisa hugongwa muhuri kwenye kitabu, ili asiyejua kusoma ahesabu mihuri yake mwenyewe. Kabla ya kuagana salio hutajwa kwa sauti, kila mtu alishike kichwani. Mkutano ujao wataulizwa ni shilingi ngapi, ndipo sanduku lifunguliwe.

Kikoba huanza kuharibika kwa adabu. Mwenyekiti ni mama mtu mzima, nani atamdai daftari? Vikao vinahamia WhatsApp, michango inatumwa kwenye namba ya mtu mmoja, na ukiuliza salio unajibiwa "lipo". Hapo huenda hakuna aliyeiba bado. DECI, mpango wa upatu nchini Tanzania, nao ulipata nguvu kwa heshima ya wachungaji waliokuwa miongoni mwa viongozi wake. Watu walipanda "mbegu" wakitarajia kuvuna maradufu, mpaka Serikali ilipoingilia kati mwaka 2009.

Aliyeumizwa na kikundi huishia kwa wakopeshaji wa riba kubwa, wale wa kausha damu, au kwenye programu za simu zinazowapigia ndugu na mabosi wake kumwaibisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi hivi daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Usajili ni mzuri, ila cheti hakihesabu fedha. Naona nafuu zaidi kwenye huduma za akiba za vikundi kwa simu kama M-Koba ya mwaka 2019, ambayo fedha ikiingia au ikitoka wanachama wanapata ujumbe. Ni sanduku lilelile, ila liko kwenye simu.

Kikundi kilichowahi kuibiwa nacho huweza kusimama tena, kikianza na hisa ndogo na mzunguko wa miezi michache. Aliyekula fedha akizirejesha kwa mafungu mbele ya wenzake, anaweza kupokelewa. Ufunguo hapewi.

Nawe uliye kwenye kikoba, mkutano ujao omba salio litajwe kwa sauti. Mhasibu safi hatanuna.