Maharagwe Yaliyopitiliza Bustanini Yasitupwe

Mwenye bustani akishikwa na kazi nyingine kwa siku kumi tu, huenda akarudi akakuta maganda ya maharagwe aliyokuwa akiyachuma mabichi yamevimba, yamekuwa magumu na yana nyuzi. Wengi huyang'oa wakayatupa. Hiyo ni hasara bure, maana kilichoharibika ni ganda, si punje zilizomo.

Ikiwa ganda bado ni kijani, lipasue, utoe punje na kuzipika siku hiyo hiyo, hazihitaji kulowekwa. La sivyo, yaache maganda mpaka yawe manjano na kukauka, kisha ung'oe mashina asubuhi kungali na umande, ili maganda yasipasuke na kumwaga punje. Mvua ikitishia, usingoje: yatundike mashina jikoni au chini ya upenu, kwa kuwa maharagwe yenye unyevu huota ukungu. Baada ya kuyapura, yaanike juu ya mkeka, wala si juu ya udongo mtupu. Uma punje moja. Jino likiacha alama, rudisha juani.

Fukusi hawaanzii ghalani tu, kama watu wengi wadhanivyo. Baadhi yao huingia katika maganda yangali shambani. Kwa hiyo maharagwe makavu yachanganywe na majivu ya kuni yaliyopoa na kuchungwa, yatiwe katika chombo kikavu chenye kifuniko cha kubana.

Katika kupika, jambo moja halina budi kushikwa sana. Maharagwe mabichi, hasa mekundu, yana sumu. Punje nne au tano zatosha kumtapisha mtu. Yaoshe majivu, yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, tia mengine, kisha yatokote kwa nguvu walau dakika 10. Nusu saa ni bora zaidi. Moto mdogo usiochemsha maji hauondoi sumu hiyo, hata chungu kikikaa juu yake mchana kutwa. Yakiisha kutokota hivyo, ndipo moto upunguzwe mpaka yalainike.

Maharagwe ya siku nyingi ni magumu kuiva. Magadi kidogo husaidia, lakini yakizidi huharibu ladha. Nyanya zitiwe mwisho, maharagwe yakiwa yameiva, kwani ukali wake huyazuia kulainika.