Kangara Nyuma ya Migomba

Siku ya soko pale Daraja Mbili, mjini Kisii, hakuna anayekutilia shaka ukinunua sukari nguru. Mabonge ya kahawia yamepangwa juu ya gunia, si mbali na mikungu ya ndizi na marundo ya mitumba, na mnunuzi huenda anataka ya kutia kwenye uji tu. Akichukua mengi kwa mpigo, na aliyekuja kumbebea akiwa mtoto wa sare ya shule, muuzaji anahesabu pesa zake na kunyamaza. Nguru kiasi hicho si ya uji. Inakwenda kwenye kangara.

Kangara ndiyo mama wa chang'aa, pombe kali ya kienyeji. Unga, nguru na maji hukaa kwenye pipa siku kadhaa, kando ya mto au nyuma ya migomba, hadi vichachuke. Kisha huchemshwa, mvuke unapozwa kwa maji baridi, na kinachodondoka ndicho wateja wanachokingojea. Maji hayo yakipata moto hayana kazi tena, lazima yabadilishwe, na mto uko bondeni. Anayeteremka na kupanda kilima na mtungi kichwani mara nyingi ni mtoto. Ndiye pia anayechochea kuni usiku, ndiye anayepima glasi wateja wakizidi, ndiye anayetumwa barabarani kuangalia kama gari la polisi linakuja. Mvuke wa pombe hushika moto upesi, na jiko la nyumba ya vyumba viwili halina pa kukimbilia. Shuleni mwalimu huinusa sweta kabla hajamkuta mwenyewe akisinzia.

Sheria inasemaje? Hadi 2010 chang'aa ilikuwa marufuku kabisa. Mwaka huo Sheria ya Udhibiti wa Vileo, ambayo Wakenya wengi huiita Sheria ya Mututho kwa jina la John Mututho, mbunge wa Naivasha wakati huo, ilifuta marufuku hiyo na kuruhusu chang'aa itengenezwe kwa leseni na kufungwa kwenye chupa. Ndani yake mna kifungu kizuri: mwenye leseni haruhusiwi kumwachia aliye chini ya miaka 18 aingie mahali pombe inapotengenezwa, inapohifadhiwa au inaponywewa.

Mwenye leseni. Mama pima wa kijijini, mwanamke anayepika chang'aa na kuiuza kwa glasi, hana leseni wala hajawahi kuiomba. Kifungu kilichoandikwa kwa ajili ya mtoto kinakilinda kiwanda chenye ukuta na askari getini, ambako mtoto huyo asingeingia hata hivyo.

Si kwamba hakuna sheria nyingine. Katiba, kifungu cha 53, inamkinga mtoto na kazi za hatari. Sheria ya Watoto ya 2022, kama ile ya 2001 iliyoitangulia, inataka akingwe na dawa za kulevya na pombe, na pia asihusishwe katika kuzitengeneza na kuzisambaza. Mkataba namba 182 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2001, unaweka kumtumia mtoto katika utengenezaji wa dawa haramu miongoni mwa aina mbaya kabisa za ajira. Lakini msako ukifika, polisi wanahesabu lita. Kangara inamwagwa, picha zinapigwa, chifu anahutubia. Karatasi ya mashtaka inataja pombe na inamsahau aliyekuwa akichochea moto. Mama analala kituoni, mtoto analala na wadogo zake. Faini ikishalipwa, pipa linarudi mahali pake, kwa sababu pesa za faini zilikopwa.

Huko California, anayepatikana akipika dawa ya kulevya ya methamphetamine mahali penye mtoto wa chini ya miaka 16 huongezewa kifungo cha miaka 2. Mtoto akiumia vibaya, miaka 5. Majimbo mengi ya Marekani yalikwenda mbali zaidi ya jela: polisi wakivamia maabara ya nyumbani, ofisa wa ustawi wa watoto huwa nao, na mtoto hupelekwa kupimwa na daktari.

Mimi ningechukua hilo la pili na kuliacha la kwanza. Huku Gusii, nchi ya Wakisii, mashamba yamegawanywa hadi yamebaki vipande, na wapo wenye digrii zao leo waliosomeshwa kwa glasi za chang'aa. Kumwongezea mjane anayepika chang'aa miaka jela ni kumwadhibu mtoto yuleyule. Ukali ningeuelekeza kwa mtu mzima anayemtwika mtoto galoni akijua kwamba, kwa sheria ya 2022, aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai. Huyo hasumbuliwi na umaskini. Amepiga hesabu zake.

Baada ya watu 17 kufa kwa pombe yenye sumu huko Kirinyaga mwezi Februari 2024, serikali ilitoa hatua 25, zilizowalenga zaidi wenye baa, viwanda na leseni. Jiko la mama pima linahitaji afisa wa watoto aandamane na msako, na ndugu wa ukoo aliyeandaliwa kumpokea mtoto, jambo ambalo sheria ya 2022 inalitambua. Namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto, hupigwa bure. Tatizo ni kwamba jirani ambaye angeipiga mara nyingi ana deni la glasi tatu kwa mama huyohuyo.